Kiwanja kimoja cha mwamba kina kilo ngapi za samaki? Hesabu ya hifadhi za bahari kutoka Mbudya hadi Mapinga

Mwamba wa matumbawe uliopumzishwa miaka mingi bila kuvuliwa hubeba wastani wa kilo 1,000 za samaki kwa hekta. Aaron MacNeil na wenzake waliichapisha takwimu hiyo mwaka 2015 katika jarida la Nature, baada ya kukusanya vipimo vya miamba 832 kutoka pembe mbalimbali za dunia. Katika miamba iliyokuwa ikivuliwa, asilimia 83 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya samaki ambao ilistahili kuwa nao. Kenya, ambako samaki wa mwamba wamehesabiwa kwa miongo mingi mfululizo, mwamba uliokamuliwa hubakiwa na kilo 100 hivi kwa hekta, na pengine hazifiki.

Mkazi wa Mapinga anakijua kiwanja cha 20 kwa 20, maana ndicho kinachotangazwa kila kona ya barabara ya Bagamoyo kuanzia Bunju hadi Kerege. Hekta moja ni viwanja 25 vya namna hiyo. Kwa hiyo kiwanja kimoja cha mwamba wenye afya kina kilo 40 za samaki, na kiwanja cha mwamba uliokamuliwa kina kilo 4. Nitapima kila kitu kwa kiwanja hicho, kwa sababu mjadala wa hifadhi za bahari umekaa mno kwenye ramani na kilomita za mraba, na mtu wa kawaida anaambulia patupu.

Mapinga imekaa katikati ya maeneo mawili ya bahari yaliyohifadhiwa kisheria. Kusini, mbele ya Kunduchi na Msasani, kuna Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, yaliyotangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975 na baadaye kuwekwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Kaskazini, ukishaipita Bagamoyo na mdomo wa mto Ruvu, kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005 ikiwa na kipande cha bahari cha kama kilomita za mraba 66 kwenye mafungu ya Mafui. Kati ya hapo ni bahari ya wote: mitumbwi, ngalawa, mashua za dagaa, miamba ya vipande vipande, mikoko, na tope ambalo mito inaleta kila masika.

Kabla ya kuuliza hifadhi zinagharimu kiasi gani, tuzitazame hizo kilo 40. Si samaki wa aina moja. Katika mwamba ambao haujaguswa, sehemu kubwa ya uzito imebebwa na samaki wakubwa wachache: chewa anayekaa kwenye pango lake miaka na miaka, kolekole wanaopita kwa makundi, changu wa zaidi ya kilo, papa wa mwamba. Chini yao kuna wala mwani: pono, tasi, kangaja, puju. Hawa ndio wafagizi. Matumbawe na mwani wanagombania jiwe lile lile, na mwani unakua haraka kuliko tumbawe. Ukiwaondoa wala mwani, jiwe linavaa manyoya ya kijani na tumbawe changa halipati pa kushika.

Mama anayesafisha samaki analijua hili hata kama hajawahi kupiga mbizi. Mpasue pono tumbo: utumbo wake umejaa unga mweupe, mzito, kama chokaa iliyoloa. Ni mwamba huo. Pono ana meno yaliyoungana mithili ya mdomo wa kasuku. Anakwangua mwani pamoja na jiwe lililokufa, anasaga kooni, kisha anatoa mchanga. Kwenye mwamba wa kisiwa cha Vakkaru huko Maldives, watafiti walikuta kwamba zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya unatokana na pono. Fukwe nyeupe ambazo watu wa Dar es Salaam wanapanda boti kuzifuata Mbudya zimetengenezwa kwa sehemu na samaki ambaye jioni tunamkuta kwenye sinia la mchuuzi.

Halafu kuna kikande. Ni samaki wa mifupa mingi na ngozi ngumu, bei yake ndogo, na anaingia demani kirahisi. Kazi yake baharini ni kuwala wale wadudu wa miiba wanaowachoma nyayo wachokoaji wa pweza maji yanapokupwa. Tim McClanahan, aliyeanza kuifuatilia miamba ya Kenya katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba kikande akivuliwa hadi kwisha, wale wa miiba wanaongezeka na kuanza kuutafuna mwamba wenyewe. Mwamba unaporomoka kutoka ndani bila bomu hata moja. Kwa hiyo kilo 4 zilizobaki kwenye kiwanja kilichokamuliwa hazina kazi zile zile kwa kiwango kidogo. Kazi nyingine zimekwisha kabisa.

Mabomu nayo yalikuwepo, na kwa wingi wa kutisha. Machi na Aprili 2015, Gill Braulik na wenzake walivuta vinasa sauti nyuma ya mashua kwa karibu kilomita 2,700 kando ya pwani ya Tanzania. Katika siku 31 walinasa milipuko 318 ya baruti. Asilimia 62 ya milipuko hiyo ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Chukua bikari uzungushe kilomita 80 kutoka Feri: Mbudya imo, Mapinga imo, Bagamoyo imo, na maji hadi ng'ambo ya Bagamoyo yamo.

Bomu moja huua samaki ndani ya nusu kipenyo cha mita 15 hadi 20. Tukichukua ile ndogo, mita 15, eneo linalofagiliwa ni mita za mraba 707, yaani kiwanja kimoja na robo tatu. Zidisha kwa 318 na unapata viwanja 562, au hekta 22 na nusu, kwa mwezi mmoja tu wa kusikiliza, tena kwa mashua iliyokuwa ikisogea na isiyoweza kusikia kila mahali kwa wakati mmoja. Jiwe lililovunjwa na bomu hubaki kifusi kinachobingirishwa na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kuota juu ya kitu kinachobingirika. Kifusi cha namna hiyo hukaa miongo kadhaa bila kupona.

Jambo la faraja ni kwamba baruti ilipungua sana baada ya kikosi kazi cha vyombo mbalimbali kuundwa mwaka 2015 na kuwafuata wauzaji wa milipuko nchi kavu, badala ya kukimbizana na wavuvi majini peke yake. Hilo linatufundisha jambo la bei: lililofanya kazi lilikuwa upelelezi, mashtaka na mafuta ya boti. Sheria dhidi ya baruti ilikuwepo miaka yote hiyo.

Mtu wa mjini huuliza: hifadhi zikifanya kazi, samaki watashuka bei? Hapana, na hesabu inaonyesha kwa nini. Miamba ya matumbawe ya Tanzania inakadiriwa kuwa kilomita za mraba 3,580. Kipimo kinachotumiwa mara nyingi na wataalamu ni kwamba mwamba unaovuliwa kwa kiasi unaweza kutoa tani 5 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka bila kufilisika. Zidisha: tani 17,900. Gawa kwa Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, na kila mmoja anapata gramu 290 kwa mwaka mzima. Mtanzania wa wastani anakula karibu kilo 8 za samaki kwa mwaka. Miamba yote ya nchi, ikiwa na afya njema, inatoa chini ya asilimia 4 ya mahitaji hayo. Kinachotulisha kwa wingi ni sangara, sato na dagaa wa maziwa, na baharini ni dagaa, vibua na samaki wa maji makubwa.

Samaki wa mwamba ni riziki ya wanaokaa karibu na mwamba. Tani 17,900 zikigawanywa kwa nchi nzima ni chembe. Zikigawanywa kwa wavuvi wa pwani na familia zao ni ada ya shule, bati la nyumba na mboga ya kila siku. Hesabu ya wavuvi wa bahari Tanzania Bara ilitoa watu 36,321 mwaka 2009, na kufikia 2016 walikuwa zaidi ya 50,000. Mwamba haukuongezeka hata kiwanja kimoja. Hapo ndipo kilo 40 zinapogeuka kuwa 4.

Hifadhi basi inafaa kwa kazi gani, kama hailishi mji? Jibu liko kwenye mayai. Mfano unaotajwa sana unatoka Ghuba ya Meksiko, kwa samaki wa jamii ya kungu: jike mmoja wa sentimita 61, mwenye kilo 12.5, hubeba mayai milioni 9.3. Ili upate mayai hayo kutoka kwa majike wa sentimita 42, wenye kilo 1.1 kila mmoja, unahitaji majike 212. Yaani kilo 12.5 za samaki mkubwa zinazalisha sawa na kilo 233 za samaki wadogo. Utafiti wa Diego Barneche na wenzake wa mwaka 2018, uliopitia spishi 342 za baharini, ulithibitisha kwamba hali ndivyo ilivyo kwa karibu samaki wote: uzazi hukua kwa kasi kuliko uzito.

Angalia sasa fungu la samaki kwenye mnada wa Bagamoyo asubuhi. Changu doa huanza kuzaa akikaribia sentimita 20. Wengi wanaopangwa kwenye mafungu ya bei nafuu wanatoshea kiganjani, kichwa kikigusa vidole na mkia ukiishia mwanzo wa kifundo. Hao hawajazaa hata mara moja. Chewa ni shida zaidi, kwa sababu huanza maisha akiwa jike na baadhi yao hugeuka dume wakishakuwa wakubwa. Ukivua wakubwa wote, umeondoa madume, na majike waliobaki hawana wa kurutubisha mayai.

Mayai hayo yanakwenda wapi? Samaki wengi wa mwamba huachia mayai majini, na vifaranga huelea kwa wiki tatu hadi sita kabla ya kutafuta mwamba wa kukaa. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki unaelekea kaskazini mwaka mzima, kwa kasi zaidi wakati wa kusi. Kwa mwendo wa wastani wa nusu mita kwa sekunde, maji yanasafiri kilomita 43 kwa siku. Kutoka Mbudya hadi mji wa Bagamoyo ni kama safari ya siku moja ya maji. Kutoka Mafia, ambako kuna hifadhi ya bahari ya kilomita za mraba 822 tangu 1995, ni kama siku nne. Vifaranga hawasafiri kwa mstari ulionyooka. Maji kujaa na kupwa, mizunguko ya nyuma ya visiwa na mbio zao wenyewe huwabakiza wengine karibu na kwao. Lakini uelekeo wa jumla hauna ubishi. Kwa habari ya mbegu za samaki, Mapinga iko chini ya mkondo wa Mafia na wa visiwa vya Dar es Salaam. Doria inayokosekana Mbudya leo ni dema tupu Mlingotini miaka mitatu ijayo. Mvuvi wa Bagamoyo ana haki ya kuuliza kinachofanyika Mbudya kama vile mkulima wa bondeni anavyouliza maji ya mfereji yanavyogawanywa juu.

Tuvipe basi visiwa vile vinne mtihani. Mwaka 2014 Graham Edgar na wenzake walilinganisha hifadhi 87 za bahari duniani kwa sifa tano: kuvua kumekatazwa kabisa, sheria inasimamiwa, umri umezidi miaka 10, ukubwa umezidi kilomita za mraba 100, na eneo limetengwa na maji ya kina au mchanga. Hifadhi zenye sifa nne au tano zilikuwa na uzito wa samaki wakubwa mara tano na wa papa mara 14 ukilinganisha na maeneo yanayovuliwa. Lakini asilimia 59 ya hifadhi zilikuwa na sifa moja au mbili tu, na hizo hazikuwa na tofauti yoyote na bahari inayovuliwa.

Visiwa vyetu: kuvua kumekatazwa kisheria, ndiyo. Umri, ndiyo, na zaidi. Miaka 10 imepita mara tano. Ukubwa, hapana: vyote vinne kwa pamoja havifiki kilomita za mraba 30. Kutengwa, hapana, unaviona kwa macho ukiwa umekaa kwenye kiti cha ufukweni Kunduchi. Usimamizi, ndani ya duara ambalo lilitoa asilimia 62 ya milipuko ya nchi mwaka 2015, siwezi kuupa alama. Ni mbili kati ya tano. Ukubwa na umbali hatuwezi kubadilisha, maana mji hauhami. Dar es Salaam ilikuwa na watu 843,090 katika sensa ya 1978, miaka mitatu tu baada ya visiwa kutangazwa. Mwaka 2022 ilikuwa na 5,383,728. Sifa pekee iliyo mikononi mwetu ni usimamizi, na huo ndio unaonunulika kwa shilingi.

Umri wa hifadhi nao unahesabiwa kuanzia siku ulinzi ulipoanza kweli. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa katika miaka ya 1980, lakini kuvua ndani yake kuliendelea hadi mwaka 1991. Vipimo vya samaki vinaanza kupanda baada ya 1991. Kwa mizani ya MacNeil, mwamba uliochoka kwa kiasi unahitaji kama miaka 35 ya kuachwa kabisa ili ukaribie kujaa tena, na uliochoka kupita kiasi unahitaji miaka 59. Habari njema ni kwamba samaki hawarudi wote kwa wakati mmoja. Tasi huzaa akiwa hajamaliza hata miaka miwili na hurudi mapema, pono hufuata, chewa na kikande hurudi mwisho. Ila mwamba ukilindwa miaka mitano, ukaachiwa mwaka mmoja, ukalindwa tena mitano, hauna miaka 10 ya ulinzi. Ndoana na nyavu za mwaka mmoja zinatosha kuchukua chewa wote wa miaka mitano.

Mombasa inatuonyesha pia nani hulipa. Hifadhi ile ilichukua zaidi ya asilimia 60 ya eneo la uvuvi la wavuvi wa pale. McClanahan na Boaz Kaunda-Arara walikuta kwamba mvuvi aliyebaki nje ya mpaka aliongeza mavuno yake kwa siku kwa karibu asilimia 110. Ukiishia hapo, ni ushindi. Lakini samaki wote walioteremshwa kwa jumla walipungua kwa asilimia 35, kwa sababu wavuvi wengi waliondoka. Aliyebaki alipata mara mbili. Aliyeondoka alipata sifuri. Na samaki wanaovuka mpaka wa hifadhi kwenda kuvuliwa hawaendi mbali, huishia mita mia chache hadi kilomita moja hivi. Anayefaidi ni mwenye dema karibu na boya.

Nalisisitiza hili kwa sababu semina za hifadhi hulipita haraka. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme wavuvi 40 wa upande wa Mapinga na Mlingotini wanakubali kufunga hekta 10 za mwamba, yaani viwanja 250. Kwa tani 5 kwa kilomita ya mraba, hekta hizo zingewapa kilo 500 kwa mwaka. Kwa Sh 8,000 kwa kilo ni Sh milioni 4. Kila mvuvi anachangia Sh 100,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake, kabla hajaona faida hata ya tasi mmoja. Kwa mtu wa mtumbwi na mshipi, laki moja si pesa ya kupuuza. Lakini kwa halmashauri inayokusanya ushuru wa mazao ya bahari, Sh milioni 4 ni bei ya pikipiki moja na kidogo. Mradi wowote wa kufunga mwamba ambao hauna mstari wa bajeti wa kufidia hiyo laki unategemea ukarimu wa maskini.

Sasa gharama ya ulinzi wenyewe. Mwaka 2004 Andrew Balmford na wenzake walikusanya bajeti za hifadhi 83 za bahari duniani na kukuta kwamba gharama ya kati ilikuwa dola 775 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Kilomita ya mraba ina viwanja 2,500. Tukichukua dola moja kwa Sh 2,500, gharama ni Sh 775 kwa kiwanja. Waligundua pia kwamba hifadhi ndogo na zilizo karibu na watu ni ghali zaidi kwa eneo, na zetu ni ndogo na ziko mlangoni mwa mji.

Nimefanya makadirio yangu ya visiwa vinne. Boti moja yenye injini ya farasi 40, saa nne za doria kila siku, lita 60 za petroli kwa Sh 3,000: Sh 180,000 kwa siku, Sh milioni 65.7 kwa mwaka. Askari 12 kwa Sh 600,000 kwa mwezi: Sh milioni 86.4. Matengenezo ya injini, redio, maboya na makoti ya kuokolea: niweke Sh milioni 30. Jumla ni Sh milioni 182.1. Ukiligawa eneo lote kama kilomita za mraba 30, ni Sh 2,428 kwa kiwanja kwa mwaka, mara tatu ya ile gharama ya kati ya dunia. Ukiwagawia wakazi wa Dar es Salaam, ni Sh 34 kwa mtu kwa mwaka.

Kwa bei ya Sh 8,000 kwa kilo, Sh 2,428 ni gramu 300 za samaki. Hata tukisema theluthi tu ya eneo ndiyo mwamba na iliyobaki ni mchanga na majani ya bahari, kila kiwanja cha mwamba kinalipiwa samaki wasiofika kilo moja kwa mwaka ili kitoke kwenye kilo 4 kielekee kwenye 40. Sioni uwekezaji mwingine pwani hii wenye uwiano kama huo.

Linganisha na Chumbe. Kisiwa hicho cha kusini mwa mji wa Zanzibar kilianza kufanyiwa kazi na Sibylle Riedmiller mwaka 1991, mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, na wageni walianza kulala mwaka 1998. Maandalizi yaligharimu kama dola milioni 1.2. Mwamba wake ni kama hekta 30 tu, viwanja 750. Ni dola 1,600 kwa kiwanja, Sh milioni 4, ingawa ndani yake mna nyumba saba za wageni, kituo cha elimu na miaka ya kuhangaikia vibali. Matunda yake yanaonekana: zaidi ya spishi 400 za samaki, na walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani waliofundishwa kazi. Namheshimu kila aliyeijenga Chumbe. Lakini si mfano wa kunakili Bagamoyo, maana pochi yake ni watalii, na mwaka 2020 dunia ilionyesha jinsi watalii wanavyokatika kwa wiki moja. Askari wa doria hawezi kuambiwa asubiri ndege zirudi.

Kuna njia ya kati, ya bei ndogo, inayowafaa wavuvi wasioweza kusubiri miaka 35: kufunga pweza kwa muda. Pweza haishi hata miaka miwili na hukua kwa kasi ya ajabu. Kusini-magharibi mwa Madagaska, vijiji vya Andavadoaka na jirani zake vilianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi miwili hadi saba. Thomas Oliver na wenzake walipopitia fungafungua 36, walikuta pweza wanaoteremshwa katika mwezi wa kwanza baada ya kufunguliwa wameongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na fungafungua 27 kati ya 36 zilileta faida halisi, wastani wa dola 305 kila moja. Mafia, Songosongo na Pemba wamefanya hivyo pia. Haimrudishi chewa wala kikande. Kazi yake ni kuwazoesha watu kuona faida ya kusubiri, na kuwapa wanawake wanaochokoa pweza sauti mezani, jambo ambalo kamati za uvuvi zimekuwa zikilikwepa.

Joto la bahari hifadhi haiwezi kulizuia. Mwaka 1998 dunia ilipoteza kama asilimia 16 ya matumbawe yake kwa joto. Likaja la 2016, na la 2024. Kinachofanywa na hifadhi ni kuwaweka wafagizi kazini ili jiwe libaki safi, tumbawe changa lipate pa kuanzia joto likishapita.

Uamuzi wangu ni huu. Tusitangaze eneo jingine jipya mbele ya Bagamoyo kabla ya visiwa vinne vya 1975 kupata boti inayotoka kila siku ya mwaka. Mpaka mpya usio na doria unawafukuza wavuvi waaminifu na kuwaachia uwanja wezi. Vikundi vya usimamizi shirikishi wa uvuvi vya Kunduchi, Mlingotini na Bagamoyo vipewe sehemu ya ada inayolipwa na wageni wa Mbudya na Bongoyo, kwa sababu vifaranga wa visiwa hivyo ni samaki wao wa kesho, na macho yao ndiyo yaliyoko majini saa tisa usiku. Na wewe unayesoma ukiwa Mapinga, kwenye mkutano ujao wa kijiji uliza maswali matatu na uombe yajibiwe kwa tarakimu: doria ilitoka siku ngapi mwaka huu, mwamba ulipimwa ukiwa na kilo ngapi kwa hekta, na mvuvi aliyeambiwa asivue alilipwa shilingi ngapi.